Elfu kumi ya umeme nimepata uniti 19.6, jirani kapata 28, na mita ni moja

#1 KishadaChekundu
Habari wakuu. Naomba msaada wa hesabu, maana nyumbani kumeanza maneno.

Nimehamia Mbagala mwisho wa mwezi uliopita. Nyumba ina pande mbili: huku naishi mimi na wanangu wawili, kule yupo jirani na mkewe na mtoto mchanga. Mita ni moja. Tulikubaliana kupokezana, leo mimi, ukiisha wao. Tarehe 1 zamu ilikuwa yangu, nikanunua wa 10,000 kwa simu, zikaingia uniti 19.6. Tarehe 5 ukaisha. Jirani akanunua wa 10,000 hiyohiyo, zikaingia 28. Sasa ananiuliza mimi nilinunua wa shilingi ngapi kweli, na meseji ya tokeni nilishaifuta.

Maswali yangu ni mawili. Hela yangu nyingine imekwenda wapi? Na pili, uniti 19 kwa siku nne, kwa watu wenye friji moja, tivii mbili na taa, ni halali?

#2 Ngalawa_Kigamboni
Nakaa hapa kusubiri wajuzi. Hilo la kwanza lilinikuta mwaka jana na bado linaniuma.

#3 MtuWaHesabu
Dada, hesabu iko hivi. Mteja wa T1, yaani kundi la bei la wateja wa kawaida, anauziwa uniti moja 292. Juu yake kuna VAT 18%, ya wakala wa umeme vijijini (REA) 3% na ya msimamizi wa nishati (EWURA) 1%. Zote pamoja 22%, kwa hiyo uniti inakufikia kwa 356.24. Gawa 10,000 kwa hiyo, unapata 28.07. Jirani yako yuko sahihi kabisa.

Wewe sasa: 19.65 mara 356.24 ni 7,000 kamili. Maana yake 3,000 ilikatwa kabla umeme haujapigiwa hesabu. Hiyo ni kodi ya jengo ya miezi miwili. Nyumba ilikaa tupu mwezi uliopita?

#4 KishadaChekundu
Ilikaa tupu kaka. Mwenye nyumba alikuwa anapiga rangi na kubadilisha bati. Mwezi mzima hakuna aliyenunua, mafundi walitumia uliobaki kwenye mita. Kwa hiyo nimelipia jengo mwezi ambao sikuwa hata na ufunguo wake?

#5 Chinga_wa_Msimbazi
Lakini kodi ya jengo si buku kwa mwezi? 3,000 ni miezi mitatu hiyo, siyo miwili.

#6 MtuWaHesabu
Buku ilikuwa pale ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, tarehe 20 Agosti 2021. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Ghorofa ilikuwa 5,000 kwa kila sakafu, ikapanda 7,500. Inakatwa mara ya kwanza unaponunua ndani ya mwezi. Usiponunua mwezi huo haifutiki, inakusubiri.

#7 Chinga_wa_Msimbazi
Nashukuru kwa sahihisho. Mimi nanunua wa buku mbili mbili, sijawahi kuangalia mchanganuo.

#8 Wakili_wa_Barazani
KishadaChekundu, kisheria deni hilo siyo lako. Kodi ya majengo inamhusu mmiliki. LUKU ni njia tu ya kuikusanya. Tangu utaratibu unaanza ilielezwa kwamba anayewajibika ni mwenye nyumba, na mpangaji aliyelipa amalizane naye. Tafuta kumbukumbu ya manunuzi kwenye mtandao uliolipia, omba tokeni ya mwisho na risiti yake, mpelekee mwenye nyumba, apunguze 3,000 kwenye kodi ya pango. Na jirani mwonyeshe risiti hiyohiyo, maneno yaishe.

#9 Ngalawa_Kigamboni
Mkuu #8, hilo neno "amalizane naye" ndilo lililonitoa kwenye nyumba. Nilimpelekea mzee risiti za miezi saba, zimepangwa vizuri, jumla 10,500. Akazitazama, akanirudishia, akasema, "Kijana, hiki chumba kina watu wanakisubiri." Sikumjibu. Nilikuwa nimelipa miezi sita mbele, nina godoro jipya na mtoto anasoma shule ya karibu. Kwa 10,500 nitagombana na mtu anayeshika paa la kichwa changu? Mwezi wa nane sikupeleka risiti. Na mkataba ulipoisha hakunipa mwingine.

Sheria ipo upande wangu, nakubali. Lakini sheria hiyo imeniachia kazi ya kumdai mtu ambaye serikali yenyewe imeona ni mgumu kumdai.

#10 MamaVyumbaSita
Wanangu hamjambo. Mimi ni mwenye nyumba, naomba na sisi tusikilizwe.

Nina vyumba sita Buguruni, marehemu mume wangu aliniachia. Nawakumbusha kodi hii ilivyokuwa kabla. Halmashauri walikuwa wanatuma watu na karatasi, mwaka huu wanathamini nyumba hivi, mwaka kesho vile. 2016 ikahamia TRA. Mwaka 2017 nilipanga foleni toka alfajiri na kiti changu cha plastiki, nikiwa na presha, na saa kumi jioni tukaambiwa turudi kesho. Nilirudi siku tatu. Kulipa 10,000 nikatumia nauli na chakula karibu sawa na kodi yenyewe.

Leo sipangi foleni, sina karatasi ya kupoteza, hakuna kijana anayekuja mlangoni kuniambia mama nipe kidogo nikusaidie. Kwangu mimi huu ni msaada mkubwa. Na wapangaji wangu nawapunguzia. Kila Januari nakata 3,000 kwa kila chumba, mara sita ni 18,000, yameisha. Siyo wote tuna roho ngumu.

#11 KishadaChekundu
Shikamoo mama. Ungekuwa na chumba cha saba ningehama leo.

#12 MamaVyumbaSita
Marahaba mwanangu. Vimejaa, lakini ukisikia kimoja kiko wazi njoo unitafute.

#13 Jirani_wa_Tandika
Mama #10 Mungu akuongezee. Ila niwaeleze tunachokiona wapangaji wa nyumba zenye mita moja, kwa sababu watunga sheria nadhani hawakukaa nyumba ya namna hii.

Kwetu tuko familia tano. Kabla ya Agosti 2021 umeme ukiisha, yeyote aliye na hela ananunua, mwisho wa mwezi tunahesabiana. Hakuna aliyekuwa anaangalia tarehe. Ilipoanza kodi ya jengo, anayenunua wa kwanza ndani ya mwezi ndiye anayekatwa. Wengine wanapata uniti kamili. Basi kila mtu akajifunza kalenda. Tarehe 28, 29, 30 watu wanajaza umeme kwa fujo ili mwezi uingie mita ikiwa na akiba. Ikishaingia, kimya. Umeme ukikatika tarehe 2 saa mbili usiku unasikia milango inafungwa. Kila mmoja anasikilizia nani atashindwa kuvumilia kwanza.

Anayeshindwa huwa ni yuleyule. Dada mmoja anauza ubuyu wa barafu, ana friji la kugandisha. Akikaa gizani saa sita mali yote inayeyuka. Kwa hiyo kodi ya jengo la mzee fulani wa Tandika, kwa zaidi ya miaka miwili, imelipwa na muuza barafu. Sote tunajua na tunamsalimia asubuhi. Nilipotambua hilo niliona aibu, nikapendekeza tuweke 300 kila familia tarehe 30, zitimie 1,500. Familia tatu zimekubali.

#14 Chinga_wa_Msimbazi
Na hizo mbili?

#15 Jirani_wa_Tandika
Moja inasema kodi ni ya mwenye nyumba, ikichangia itakuwa imekubali kosa. Kwa hoja, wana haki. Nyingine haina 300 tarehe 30.

#16 MzeeWaKinu
Vijana mnasahau. Hii ya kukatwa unaponunua mara ya kwanza kwenye mwezi siyo mpya. Kabla ya 2016 tulikuwa na ile tozo ya huduma, shilingi 5,520 kila mwezi, na VAT juu yake. Ukinunua wa 10,000 tarehe 1 unapata chini ya nusu. EWURA wakaiondoa mwaka 2016, na uniti ikashuka kutoka 298 hadi 292. Tulifurahi sana. Kwa hiyo mita tayari ilikuwa imezoea kukata, iliondolewa hiki kikawekwa kile.

Tofauti ninayoiona mimi ni nyingine. 5,520 ilikuwa ya umeme wenyewe, ukiipinga unakwenda kwa muuza umeme na msimamizi wake. Hii ya sasa inakatwa kwenye mita lakini siyo ya muuza umeme. Ukienda kwenye dirisha la umeme unaambiwa sisi tunakusanya tu. Ukienda kwa wenye kodi unaulizwa namba ya mita.

#17 MtuWaHesabu
Mzee wangu #16 heshima. Umenikumbusha jambo: kwa wanaotumia kidogo, kundi la D1, ilikuwa tofauti, hawakuwa wakikatwa sawa na T1. Lakini hoja yako ya dirisha naiunga mkono asilimia mia.

#18 FundiNguzo
Wote mmekwenda kwenye kodi, swali la pili la dada limeachwa juani.

Uniti 19 kwa siku nne ni karibu 5 kwa siku. Kwa pande mbili zenye friji moja siyo ajabu sana, lakini siyo ndogo. Sababu ninazozikuta kazini:
Friji kuukuu lenye mpira wa mlango uliolegea halizimi, linaweza kula uniti 2 hadi 3 kwa siku peke yake. Pasi, saa nzima ni uniti moja. Hita ya maji ya ndoo, hiyo usiseme. Waya uliochubuka ukutani na unagusa tofali bichi, hasa nyumba iliyotoka kubadilishwa bati na mafundi wamepigapiga misumari. Halafu ipo ya mwisho, mtu mwingine ameunganishwa kwenye mita yako.

Jipime hivi. Kwenye mita kuna kitaa kinachomweka. Soma maandishi pembeni, mita nyingi mimweko 1,000 ni uniti moja. Zima kila kitu, chomoa friji, upande wako na wa jirani. Tazama dakika kumi. Kikiendelea kumweka, kuna kinachokula. Kisha shusha swichi kuu. Kikimweka hata swichi kuu ikiwa chini, umeme unachotwa kabla haujafika ndani kwenu.

#19 Bwana_Shamba
Mnahangaika bure. Tangu yale "maboresho" ya 2024, tulipoambiwa tuingize namba nyingi nyingi, mita zote zimeongezwa kasi. Mimi kabla nilikuwa natumia wa 15,000 kwa mwezi, sasa 25,000. Vitu ni vilevile.

#20 Nyaya_na_Namba
Mkuu #19, kuongezeka kwa matumizi yako sikatai, lakini sababu siyo hiyo. Nafanya kazi na mifumo ya aina hii, nieleze taratibu.

Mita nyingi za kulipia kabla duniani zinatumia lugha moja iliyobuniwa Afrika Kusini, inaitwa STS. Kila tokeni ya tarakimu 20 ndani yake ina muhuri wa muda, ili usiitumie mara mbili. Muda huo unahesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na sehemu iliyotengwa inabeba dakika 16,777,216 tu, basi. Zikiisha, mita inaona tokeni mpya zote ni za zamani na inazikataa. Dakika hizo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana ukapewa makundi matatu: mawili ya kwanza ya kubadilisha ufunguo wa mita, la tatu umeme wako. Hakuna mahali kwenye namba hizo panapogusa kasi ya kuhesabu uniti. Hicho ni kifaa kingine ndani ya mita.

#21 Bwana_Shamba
Sawa, nimeelewa kuhusu tarehe. Lakini aliyeunda ufunguo mpya ni nani, na aliyekagua ni nani? Wewe na mimi hatukuwepo. Narudia: 15,000 imekuwa 25,000.

#22 Nyaya_na_Namba
Hilo la ukaguzi ni swali zuri na sina ugomvi nalo. Una haki ya kuomba mita yako ipimwe. Je, ulikuwa D1 kabla?

#23 Bwana_Shamba
Sijui. Nilikuwa napata nyingi.

#24 MtuWaHesabu
Kama ulikuwa unapata kama uniti 8 kwa buku, ulikuwa D1. Hapo uniti ni 100, na makato inafika 122. Sharti usizidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi, za juu ni 350 kila moja, na ukiendelea unahamishiwa T1. Angalia tofauti: uniti 75 kwa D1 ni 9,150. Uniti hizohizo 75 kwa T1 ni 26,718. Mtu hajaongeza hata taa moja, amehamishwa kundi tu, anaona mita imechanganyikiwa.

#25 Tokeni_254
Salamu kutoka Nairobi. Huku umeme ni stima na mnayoita LUKU sisi ni tokeni. Nataka kumuunga mkono #20: hiyo tarehe ya Novemba 2024 haikuwa ya Tanzania pekee, hata sisi tulihangaika na keateka (msimamizi) wa ploti kuingiza namba zile ndefu, na huku pia watu walisema mita zimeanza kukimbia.

Jambo langu ni hili. Mkishaunganisha kila kitu na mlango mmoja, mlango ukifungwa mnakwama nao. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali yetu, iliposhambuliwa na wadukuzi, watu walishindwa kupata huduma za serikali, na wakati uleule kununua tokeni za stima kukasumbua. Sasa nyinyi mmeweka kodi ya nyumba ndani ya stima. Mfumo ukilala?

#26 Chinga_wa_Msimbazi
Ulishalala ndugu yetu. 2022, LUKU nchi nzima siku kadhaa, watu wakapanga foleni ofisi za umeme na vitambulisho.

#27 MzeeWaKinu
Mei 2021, siyo 2022. Nakumbuka kwa sababu Rais Magufuli alikuwa amefariki Machi, na kodi ya jengo ilikuwa bado haijaingia kwenye LUKU. Miezi mitatu baada ya mfumo kulala, ndipo kodi ikapakiwa juu yake.

#28 Chinga_wa_Msimbazi
Mzee kalenda yako haikosei. Asante.

#29 Binti_Chumbe
Assalaam alaykum. Huku Unguja mita twaziita TUKUZA, na mie simo kwenye kodi yenu. Nimesoma yote nikamkumbuka marehemu bibi. Disemba 2009 umeme wa kutoka bara ulikatika, tukakaa gizani kisiwa kizima mpaka Machi 2010. Pampu za maji zikasimama, tukarudi visimani. Bibi alikuwa akisema watu wamesahau kisima chao kilipo. Waya mpya wa chini ya bahari ulikuja 2013. Wa #25 kasema kweli, ukitegemea uzi mmoja lazima ujue na kisima kilipo.

#30 FundiNguzo
Dada wa Unguja umetupeleka mbali lakini pazuri. KishadaChekundu uko wapi, umepima?

#31 MtotoWaMoro
Kabla hajarudi, naomba niweke langu, maana linahusu hilo dirisha la #16.

Mama yangu ana miaka 71, anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe Morogoro. Msamaha wa kodi ya jengo upo kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba anayoishi, na kwa mwenye ulemavu asiye na kipato. Mita haijui umri wa mama. Inakata tu. Ili isikate, mzee lazima aende aombe. Nilimchukua kwa bodaboda, ofisi ya kwanza ikatuelekeza ya pili. Ya pili ikataka barua ya mtaa. Barua ikapatikana, jina kwenye mita likawa la baba, aliyefariki 2009. Tukaambiwa tuanze na mirathi.

Mama akaniambia twende nyumbani, nitalipa hiyo 1,500. Anatumia umeme wa 5,000 kwa mwezi, yuko D1. Bila makato angepata uniti 41. Anapata 28. Kwa mwenye ghorofa la biashara makato hayo hayaonekani, kwa mama ni karibu theluthi ya umeme wake.

Zamani mtoza kodi alikuwa mtu. Alikuja mlangoni, alimkuta mama amekaa kwenye mkeka, aliona kwa macho kwamba huyu ni mzee. Naujua ubaya wake, #10 ameueleza na sitaki turudi huko. Lakini kile kitendo cha kuona kilikuwa na kazi yake.

#32 Wakili_wa_Barazani
MtotoWaMoro pole sana. Kuhusu jina, kubadilisha jina la mteja wa umeme na mirathi ya nyumba ni mambo mawili. Jaribu kuulizia kubadilisha jina la mita peke yake kwanza, na kitambulisho cha NIDA cha mama. Usikate tamaa.

#33 MtotoWaMoro
Nitajaribu. NIDA anayo, alikwenda enzi za kusajili laini kwa alama za vidole, ile Januari 2020. Vidole vyake vilikuwa vimelika kwa jembe, mashine ilikataa mara nne.

#34 Shoga_wa_Sinza
Jamani na mimi nina swali linalotokana na #24. Tunahamasishwa kupika kwa umeme. Mkakati wa nishati safi unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mimi nimenunua lile sufuria la umeme la presha, maharage hayamalizi uniti moja, nimeachana na mkaa na macho hayawashi tena. Nalipenda kabisa. Lakini shangazi yangu yuko D1. Akianza kupika kwa umeme atavuka 75, atahamishwa, uniti yake itatoka 122 hadi 356. Huyu mnamshaurije?

#35 MtuWaHesabu
Asivuke. Apike maharage na makande kwa umeme, vingine abaki na gesi.

#36 Shoga_wa_Sinza
Kwa hiyo mkono mmoja unamwambia pika, mwingine unamwambia ukipika sana nakuhamisha.

#37 FundiNguzo
Ndiyo ilivyo. Ila usimwache kwenye mkaa kwa hofu, kwa bei ya gunia la mkaa Dar sasa bado umeme wa T1 unaweza kumsaidia kwa vitu vya kuchemsha muda mrefu. Apime wiki mbili.

#38 KishadaChekundu
Nimerudi wakuu. Samahani, nilisafiri.

La kwanza: risiti nimeipata, inaonyesha wazi 3,000. Jirani ameona, ameniomba radhi, mkewe ameniletea vitumbua. Mwenye nyumba nimempigia. Hakukataa, hakukubali, alisema "tutaongea".

La pili: tumezima kila kitu pande zote mbili usiku wa saa nne. Kitaa kikaendelea kumweka. Tukashusha swichi kuu. Kikaendelea kumweka, polepole lakini hakikukoma. Nilihesabu mimweko 14 kwa dakika kumi.

#39 Nyaya_na_Namba
14 kwa dakika kumi ni 84 kwa saa, karibu 2,000 kwa siku. Uniti 2 kwa siku zinakwenda mahali na swichi yenu iko chini. Angalia lakini kama mita yenu ni ya 1,000.

#40 FundiNguzo
Hapo sasa. Kuna fremu ya biashara imeshikana na nyumba?

#41 KishadaChekundu
Ipo. Ya kinyozi. Amepanga kwa mwenye nyumba huyohuyo. Yeye anasema analipia umeme wake, anampa mwenye nyumba 20,000 kila mwezi. Saa nne usiku alikuwa amefunga, lakini ana friji ya soda.

#42 Bwana_Shamba
Kwa hiyo mwenye nyumba anauza umeme wako, na kodi ya jengo lake unalipa wewe.

#43 Wakili_wa_Barazani
Taratibu, haijathibitika. Inaweza kuwa mafundi wa bati waliunganisha bila kujua. Usimtuhumu mtu kwa simu. Tafuta fundi mwenye leseni, na taarifa kwa wenye umeme, maana nguzo hadi mita ni eneo lao.

#44 MamaVyumbaSita
Mwanangu, nenda kwake na huyo jirani mkiwa wawili, mchana, na mjumbe wa nyumba kumi akiwepo. Zungumzeni kwa upole. Mwenye nyumba akiona mmekuja na mjumbe atakaa chini.

#45 Jirani_wa_Tandika
Na mkipata mita ya peke yako? Mjini kuunganishiwa ni 320,960 ikiwa nguzo iko ndani ya mita 30.

#46 KishadaChekundu
Hiyo ni kodi ya pango ya miezi minne kwangu. Na nikiweka mita ya pili kwenye nyumba moja, nayo si itakatwa kodi ya jengo?

#47 MtuWaHesabu
Nyumba moja inatakiwa ilipe kupitia mita moja, nyingine inaondolewa. Lakini inaondolewa kwa kuomba.

#48 MtotoWaMoro
Kuomba wapi?

#49 KishadaChekundu
Wakuu, leo ni tarehe 1. Mjumbe alikuja, mwenye nyumba amesema fundi wake atakuja Jumamosi kufuatilia waya wa kinyozi. Kuhusu 3,000 amesema tusubiri hilo la waya liishe kwanza. Jirani amesafiri na mtoto wao, kliniki Ilala. Kwenye mita zilibaki 0.8 na mwanangu mkubwa ana mtihani kesho.

Nimenunua wa 5,000. Zimeingia 9.8. Safari hii meseji sijaifuta.